Suruali ya Bwana Kasyupa na Banda la Mama Lusajo

"Kipimo cha harusi hakifungi suruali ya leo."

Njuka wangu, ninyi wageni wa kidato cha kwanza, methali hii mmeisikia leo asubuhi kwa Matroni, pale kaka yenu wa kidato cha pili alipodai kitanda cha dirishani kwa kuwa orodha ya mwaka jana inasema ni chake. Mmekuja kuniuliza maana yake, na mmefanya vyema, kwani mimi ndiye mzee wa bweni hili: nimekaa humu miaka sita na nimekula maharage ya kujaza lori. Tulieni niwaeleze ilikotoka. Atakayecheka kabla ya wakati wake atafua soksi zangu.

Hapa mjini palikuwa na fundi cherehani aitwaye Tuponile Mwaipyana, ambaye mji mzima ulimwita Mama Lusajo. Ndiye aliyeshona sare za shule hii. Alikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kupelekea sare mashuleni. Kwa kukosa mahali pa kukiweka, alikiegesha barabarani chini ya nyumba yake, na wezi walikipenda kwa moyo wao wote. Mara ya kwanza waliondoka na vioo vya pembeni. Mara ya pili betri. Mara ya tatu walichukua magurudumu mawili, wakakiacha juu ya matofali kwa adabu kubwa. Safari hiyo sare zilifika hapa siku nne baada ya shule kufunguliwa, na kidato cha kwanza kizima kikaanza masomo kimevaa nguo za kanisani. Mkuu wa shule akamwambia waziwazi, "Mama, ikitokea tena Januari, kazi hii nampa mwingine."

Basi Mama Lusajo alihitaji banda la gari kabla ya Januari. Nyuma ya nyumba kulikuwa na korongo. Huko gari lingeegeshwa mara moja tu katika maisha yake. Ilibaki mbele. Na mtu hajengi mbele ya nyumba bila kibali cha ujenzi, labda kama anapenda kuamka na kukuta alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani.

Akachoresha ramani ya banda, akajaza fomu, mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri, majirani wakatia saini. Maombi yakafika kwa Bwana Kasyupa, afisa mipango miji. Huyu alikuwa mtu mwadilifu, asiyegusa rushwa wala kutoka ofisini. Alikunjua juu ya meza ramani ya mji ya mwaka sabini na nne, akaikandamiza kwa kikombe cha chai, akatikisa kichwa.

"Haiwezekani, Mama Lusajo. Mbele ya nyumba yako inapita barabara."

"Barabara ipi, baba?"

"Hii hapa."

"Hiyo iliporomoka na mvua kabla sijaolewa. Ikahamishiwa chini, hatua arobaini. Hapo unaponyooshea kidole pana mahindi yangu."

"Kumbe unalima barabarani!"

"Njoo uone mwenyewe."

"Nina mafaili mia mbili hapa. Nikianza kutembelea mahindi ya watu, kazi atafanya nani? Ramani haisemi uongo, mama."

Akaomba mara ya pili, akaambatanisha picha ya uwanja wake. Bwana Kasyupa akasema picha ile inaweza kuwa ya nyumba yoyote yenye mahindi. Akaomba mara ya tatu, na barua ya mwenyekiti wa mtaa juu yake. Bwana Kasyupa akaisoma barua yote, akasifu mwandiko, akakataa. Novemba ikaingia na mvua zake.

Hapo ndipo habari zilipofika kwamba mkuu wa mkoa atakuja Jumatatu kufungua soko jipya, na kwamba Bwana Kasyupa ndiye atakayesimama mbele ya watu wote kumweleza mgeni michoro. Suruali yake ya kazini ilikuwa imepauka mahali ambapo afisa hukalia. Akamtuma tarishi wake, Mzee Gwakisa, kwa Mama Lusajo na kitambaa cha bluu nzito.

"Bosi anataka suruali," alisema Gwakisa. "Jumatatu asubuhi iwe mezani kwake."

"Mwambie aje nimpime."

"Hana nafasi. Anasema vipimo vyake unavyo, wewe ndiye uliyemshonea suti ya harusi."

Mama Lusajo akafungua daftari lake la zamani, akapuliza vumbi, akaupata ukurasa.

"Gwakisa, hii ni miaka kumi na tisa. Huyu bwana wakati ule alikuwa mwembamba kama mwiko!"

"Nilimwambia hivyo hivyo, mama. Kanijibu daftari la fundi haliongopi."

"Kasema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Mama Lusajo akatabasamu polepole. "Basi bosi wako ni mtu wa kutiiwa. Nitashona kama lilivyoandikwa."

Na akashona, inchi kwa inchi. Lakini kwa kuwa alikuwa fundi anayeheshimu kitambaa, alikunja akiba kubwa ndani ya mishono, kiasi kwamba suruali ile ilikuwa na suruali nyingine tumboni.

Jumatatu mgeni alitarajiwa saa nane mchana. Saa nne Bwana Kasyupa alijifungia ofisini avae. Suruali ilipanda vizuri hadi magotini. Mapajani ikasita. Kiunoni ikakataa kabisa. Akavuta pumzi, akafunga kifungo, kisha akafanya kosa la kupumua. Kifungo kiliruka kikagonga kabati la mafaili, na Gwakisa aliyekuwa mlangoni akadhani bosi amejipiga risasi.

Dakika kumi baadaye walikuwa juu ya pikipiki ya ofisi, bosi amevaa suruali iliyopauka na ile mpya iko kwapani. Pikipiki ikasimama chini, barabarani. Kutoka hapo kulikuwa na kupanda kwa miguu, katikati ya mahindi, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Hatua ya ishirini Bwana Kasyupa aliteleza, akakaa chini, na akaendelea kuteleza akiwa amekaa.

Mama Lusajo alimpokea kwa heshima zote. Akampa kitenge chenye picha za mananasi ajifunge, akaitundika suruali yenye matope, akamzungushia futi kiunoni.

"Inchi thelathini na nane. Daftari linasema ishirini na tisa."

"Mama Lusajo, umenifanyia makusudi!"

"Nilifuata maandishi, baba. Au daftari linaongopa?"

Gwakisa akaanza kuchunguza mabati ya kibaraza kwa makini sana. Bwana Kasyupa alitazama mahindi. Akatazama kule chini, lori la mkaa lilikokuwa likipita. Akatazama matope kwenye suruali yake.

"Pale nilipoanguka," aliuliza taratibu, "ni wapi?"

"Katikati ya barabara, Bwana Afisa. Mshukuru Mungu hakukuwa na gari."

Bwana Kasyupa akanyoosha mkono. Kisha akasema, "Niazime futi yako."

"Ya nguo?"

"Hiyo hiyo."

Ndivyo afisa mipango miji alivyopima uwanja ule mbele ya majirani wote, amefunga mananasi kiunoni, ameinama na futi ya cherehani, Gwakisa akishika ncha nyingine na kuhesabu kwa sauti. Jirani mmoja akapaza sauti toka dirishani, "Mama Lusajo, hicho kitenge unauza pamoja na mtu wake?" Futi ilinyooshwa mara ishirini kabla ya kufika barabarani. Nyuma yao cherehani ilikuwa ikilia, na akiba ikiachiwa mshono mmoja mmoja.

Saa nane Bwana Kasyupa alisimama sokoni ndani ya suruali iliyomkaa, akaeleza michoro yote huku akipumua atakavyo.

Kesho yake aliliita lile faili. Alifuta barabara ya zamani kwenye ramani, akachora ile ya kweli, kisha kwenye nafasi ya maoni akaandika: "Imeidhinishwa. Kipimo cha harusi hakifungi suruali ya leo." Akagonga mhuri wa serikali juu yake. Gwakisa, aliyetakiwa kulipeleka faili chumba kimoja tu, alilipitisha vyumba vyote.

Banda likasimama kabla ya Krismasi, la matofali, lenye mlango wa chuma na kufuli mbili. Siku ya kufungua shule kirikuu kiliingia lango hili kikipiga honi toka barabara kuu, na magurudumu yake yote manne. Mkuu wa shule alikagua sare hadi vifungo, akakosa kasoro, akasema asante.

Mwezi huohuo mzee mmoja alikwenda kuomba kibali cha kujenga choo, na karani mgeni akamwambia kwamba kwa mujibu wa ramani ya sabini na nne nyumba yake ipo ndani ya bwawa. Kabla mzee hajajitetea, foleni nzima ilijibu kwa sauti moja. Na Bwana Kasyupa mwenyewe akatoka ofisini, tayari amevaa buti za matope na ameshika futi mkononi, akaitikia pamoja nao:

"Kipimo cha harusi hakifungi suruali ya leo!"