Racheti Sita za Mzee Sempombe

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale kabla sijaanza, kwa sababu hadithi hii mimi sitaimaliza, mtaimaliza ninyi, na sipendi hukumu ya mtu aliyesikia nusu.

Palikuwa na fundi mmoja katika mashamba ya mkonge, upande wa Korogwe, akiitwa Mzee Sempombe. Mkewe alikwisha kufariki, akamwachia watoto watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Mkubwa, Mdoe, alikuwa mchimba visima, na kipaji chake kilikuwa pumzi. Alikuwa akizama majini mpaka waliobaki juu wanaanza kutazamana, ndipo aibuke. Wa pili alikuwa binti, Mwantumu, na kipaji chake kilikuwa subira. Angeweza kupewa gunia la mchele alichambue, asinyanyue uso mpaka chuya ya mwisho itoke. Kitinda mimba, Kilua, alikuwa na masikio. Pikipiki ikipita barabarani, naye yuko ndani anakunywa uji, anakuambia ni nati ipi iliyolegea.

Mzee Sempombe alikuwa fundi mkuu wa korona. Korona ndilo jina waliloupa mtambo unaosaga majani ya mkonge na kutoa singa, zile nyuzi zake, tangu enzi za babu zao. Alikuwa na racheti sita. Racheti ni ile spana yenye mpini mrefu, inayokaza na kulegeza nati bila kuvuliwa. Unaivuta mbele na kuirudisha nyuma, nayo inalia kri-kri-kri. Za mzee, pamoja na soketi zake za kuvalisha nati, zilikuwa za vipimo vya zamani, vya inchi, kama nati za korona yenyewe.

Siku kampuni ilipofunga mashamba, mzee alitolewa katika nyumba ya fundi mkuu, nyumba ambamo watoto wote watatu walizaliwa na mama yao alifia. Msimamizi alimwambia aache vifaa, kwamba ni mali ya kampuni. Mzee alikuwa amezinunua racheti zake mwenyewe, moja moja, kwa miaka kumi na minne. Hakubishana. Alizitia racheti zote na soketi zake katika kiroba, akaenda nacho hadi kwenye bwawa linalopokea maji machafu ya korona, akakitupa katikati.

"Sasa si zangu wala si zao," alisema, akarudi kukaa kwenye kibanda cha udongo pembeni mwa barabara.

Ikapita miaka kumi na mmoja. Mzee alipigwa na kiharusi, mguu na mkono wa kushoto vikafa. Mvua ikinyesha, Mwantumu humburura na mkeka wake kutoka kona hii kwenda kona ile, akifuata mahali pasipovuja.

Ndipo akaja tajiri mpya, akayanunua mashamba, akaleta meneja. Mkonge ulikuwa umesimama tayari kukatwa, lakini korona iliyolala miaka yote hiyo ilitaka kufunguliwa isafishwe, nayo haikufunguka. Nati zake kubwa zilikaa ndani ya uvungu mwembamba, mkono haupati nafasi ya kuzunguka zaidi ya upana wa kiganja. Ililetwa timu ya mafundi kutoka mjini na spana mpya za milimita. Walizila nati mbili vichwa, zikabaki mviringo, wakaondoka.

Meneja akatangaza: atakayeifungua korona atakuwa fundi mkuu, naye atapewa ile nyumba ya fundi mkuu, yeye na watu wake.

Mwantumu alizipeleka habari hizo kwa baba. Mzee akasema kwa mdomo wake uliopindwa na kiharusi, "Zinazoweza kuifungua ziko bwawani."

Watoto walikutana siku ileile, Kilua naye akiwa amekuja kuwatembelea kutoka mjini. Mdoe alisema, "Tukiipata nyumba, tutakaa wote na baba." Kilua akasema, "Wote." Mwantumu aliona hakuna haja ya kurudia. Kumbukeni kwamba hakuna aliyeuliza jina la nani litaandikwa.

Mdoe alianza. Maji ya mkonge yanawasha ngozi yakikugusa kwa bahati mbaya, sembuse kuzama ndani yake. Chini kulikuwa na tope la miaka thelathini, macho hayaoni, mikono ndiyo inayotafuta. Alizama siku saba. Siku ya kwanza aliibuka na mkebe. Siku ya tatu ngozi ilianza kumtoka mgongoni kama ganda la kitunguu. Mwantumu alimwambia, "Kaka, inatosha, acha." Mdoe akamjibu, "Nimeshagusa kamba ya kiroba, nikiacha leo sitaipata tena." Siku ya saba alikivuta kiroba hadi ukingoni, akakaa chini, akaomba maji ya kunawa uso. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kama kaa. Baada ya wiki mbili likawa jeupe, na ndivyo lilivyo mpaka leo. Mchimba visima mwenye jicho moja hapimi kina, na hapewi kazi.

Kilichotoka katika kiroba hakikufanana na racheti. Yalikuwa madonge sita ya kutu na tope, na soketi ndani yake, kila moja limeng'ang'ania lenzake. Mdoe alitaka zitiwe motoni ili kutu ibanduke upesi. Mwantumu alikataa. Alikuwa amekaa karibu na baba yake kazini tangu utoto, akajua kwamba chuma cha spana kikipikwa kinakuwa laini kama bati, na nati ya kwanza ingekipinda.

Basi akaifanya kazi hiyo yeye. Alizilaza katika karai la mafuta ya taa siku tano, mpaka zikaachana. Akazisugua kwa brashi ya waya, na pale brashi isipofika akachokonoa kwa kijiti cha mwanzi. Kutu iliyobaki akaimaliza kwa ndimu. Alikamua ndimu ndoo nzima, akatia chumvi, akazamisha vyuma, kisha akaviosha kwa maji ya majivu ili ukali wa ndimu ufe. Vidole vyake vilipasuka, na ndimu ikaingia katika kila mpasuko. Hakutumia msasa hata mara moja, maana msasa ungefuta namba za vipimo kwenye soketi, na fundi angebaki akibahatisha.

Hapo palikuwa na jambo jingine. Sechambo, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amempenda Mwantumu, na washenga wake walifika asubuhi moja bila taarifa. Walimkuta amechutama uani, mikono myeusi hadi viwikoni, racheti ya tatu ndiyo kwanza inatoka kwenye maji. Chuma kilichotoka kuoshwa hivyo kisipokaushwa na kupakwa mafuta papo hapo, kinashika kutu upya kabla jua halijapanda.

"Karibuni, wazee wangu," alisema bila kuinuka. "Naomba mnisubiri kidogo."

Walisubiri. Racheti ya tatu ikafuatiwa na ya nne. Mshenga mkubwa alikung'uta kanzu yake, akasema, "Tumeona tulichokuja kuona." Walipokwenda hawakurudi. Baada ya mfungo Sechambo alioa mke kutoka kijiji cha Magoma.

Sasa racheti zilikuwa safi, zinang'aa, lakini zilikuwa bubu. Ukizungusha, kichwa kinateleza mbele na nyuma, hakishiki. Ndipo akaitwa Kilua kutoka gereji alikokuwa akifanya kazi mjini. Mwenye gereji alimpa ruhusa ya siku tatu.

Kilua alifungua vichwa, kimoja baada ya kingine, juu ya shuka jeupe ili kisipotee hata kijipande. Ndani ya racheti kuna gurudumu dogo lenye meno, na kuna ulimi wa chuma unaosukumwa na springi ili uyang'ate yale meno. Springi zote sita zilikuwa zimeliwa, ndimi tatu zimevunjika. Alihukumu racheti mbili, ambazo magurudumu yake yaliliwa meno na kutu, zife ili nne ziishi, akatoa ndimi nzima za hizo mbili akawapa wagonjwa wawili, na ulimi wa mwisho akauchonga kutokana na tupa kuukuu, kwa siku nne. Springi akazikunja kwa nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Akifunga, anaiweka sikioni, anazungusha, anatikisa kichwa, anafungua tena.

Mdoe, kwa kutaka kusaidia, alijaza moja grisi, na ulimi ukanata usirudi. Kilua aliosha yote, akatia matone matatu ya mafuta ya cherehani. "Grisi ni ya magurudumu ya gari," alisema. "Humu ndani panataka kitu chepesi."

Siku ya tisa racheti kubwa ililia kri-kri-kri. Mzee Sempombe, amelala mkekani, aligeuza uso ukutani ili wasimwone. Siku ya kumi Kilua alirudi gereji, akakuta mtu mwingine amevaa ovaroli yake. Hakupata tena nafasi pale, wala katika gereji nyingine, kwa maana mwenye gereji alikwisha kumtangaza kuwa mtoro.

Wakaenda korona wote watatu. Mdoe ndiye aliyekuwa na nguvu za kuvuta, Kilua akisikiliza na kusema "sasa" au "ngoja," Mwantumu akisoma namba na kumpa Mdoe soketi, kile kikombe cha chuma kinachokaa juu ya nati. Kwenye zile nati mbili zilizoliwa, Mwantumu alichagua soketi ndogo kwa kipimo kimoja, wakaigongelea kwa nyundo mpaka ikashika. Kabla ya adhuhuri mtambo ulikuwa wazi. Wafanyakazi walipiga makofi. Meneja aliwapa mkono Mdoe na Kilua, kisha akamwambia Mwantumu, "Nawe dada, asante kwa kuwaletea chakula."

Hakuna kaka aliyemsahihisha. Pengine hawakusikia, makofi yalikuwa hayajaisha. Mwantumu alijiambia hivyo njia nzima ya kurudi, na kadiri alivyojiambia ndivyo alivyozidi kutoamini.

Jioni meneja alifika kwenye kibanda na karatasi. "Kampuni inaandika jina moja," alisema. "Mwenye jina ndiye fundi mkuu, nyumba ni yake. Siku akiamua kumtoa mtu, sisi hatumo. Mzee, watoto ni wako, chagua. Ijumaa asubuhi nisipopata jina, nyumba nitampa fundi wa kutoka mjini."

Ile "wote" yao ilikufa pale pale.

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, mzee aliwaita. Walikaa mbalimbali, kila mmoja na pembe yake.

Mdoe alisema, "Baba, mimi ndiye mkubwa. Na kama nisingezama, hawa wangesafisha nini? Wangetengeneza nini? Nimetoa jicho. Visima siwezi tena. Nisipopata hii, nitakula wapi?"

Kilua alisema, "Kaka, ulitoa kiroba cha vyuma chakavu. Aliyevipa uhai ni nani? Na hiyo kazi ni ya ufundi. Korona ikikwama kesho, utaipigia mbizi? Kazi yangu imepotea kwa ajili ya nyumba hii, na jina langu limeharibika mji mzima."

Wakamgeukia Mwantumu.

"Mimi nilizisafisha," alisema.

"Kusafisha ni kusafisha," Mdoe alisema, wala hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Mwantumu zaidi. "Hakuna anayekudharau, mdogo wangu. Lakini wewe kesho utaolewa, na nyumba ya Sempombe itakuwa ya ukoo mwingine."

"Nitaolewa na nani?" Mwantumu aliuliza. "Kaka, wewe ungezitia motoni. Kilua, ungekuta maandazi ya chuma. Na nyote wawili mmemsikia meneja akinishukuru kwa chakula. Chakula kipi? Siku ile hata hatukula."

Kilua alitazama chini. Mdoe alifuta lile jicho lake jeupe, ambalo hutoka machozi hata asipolia. Mwantumu aliona, akataka kumhurumia, na huruma haikuja. Jambo hilo lilimtisha kuliko mabishano yote. Huyu ndiye kaka aliyembeba mgongoni siku ya maziko ya mama yao.

"Baba," alisema, "taja jina. Lolote. Lakini ujue kwamba yeyote utakayemtaja, utahamia kwake wewe tu. Wawili watakaobaki hawatakuja."

Alitarajia ndugu zake wapinge. Hakuna aliyepinga.

Mzee Sempombe aliwaangalia watoto wake mmoja mmoja. "Siku ile nilipozitupa," alisema taratibu, "nilidhani hasira ni yangu peke yangu." Kisha akafumba macho. Walingoja. Mwadhini aliadhini magharibi, nao bado wakawa wanangoja.

Kesho ndiyo Ijumaa. Pasipo pumzi za Mdoe, racheti zingekuwa tope. Pasipo subira ya Mwantumu, zingekuwa kutu au bati. Pasipo masikio ya Kilua, zingekuwa mapambo. Mmoja ametoa jicho, mmoja ndoa, mmoja kazi na jina lake zuri. Na baba yao anakaa chini ya paa linalovuja, hana siku nyingi, na akikaa kimya watakosa wote.

Haya, mimi nimefika nilipoweza kufika. Meneja anakuja na kalamu yake. Ungekuwa wewe ndiye Mzee Sempombe, ungemwambia aandike jina la nani? Na wale wawili wengine ungewaambia nini?