Vifuko vya Shingoni vya Mama Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao na majirani wa kuwasema, aliishi Digidigi, mama wa watoto wawili. Sogeeni. Na wewe hapo mlangoni, acha kutafuna, hadithi hii ina chakula chake.

Kiangazi kilichopita Digidigi na wanawe walikunywa matope. Nyati na Kiboko waliingia kisimani kwanza, wakatoka maji yameshavurugika. Mtoto mdogo akaugua tumbo, nusura afe. Alipona, lakini mama yake hakusahau.

Mwaka huu ikatangazwa kwamba chemchemi mpya imeonekana ng'ambo ya mbuga, mwendo wa siku tatu. Atakayefika wa kwanza atajenga kando yake na kunywa kabla ya wengine.

Desturi ya safari mnaijua? Mtaijulia wapi, nyie wa kubebwa mgongoni. Kila msafiri aliweka masurufu yake uwanjani yakaguliwe, na mwenye mzigo mdogo alichekwa kwamba katoka nyumba ya njaa. Tena kutupa chakula njiani ilikuwa mwiko. Ukitupa, unarudi nyumbani.

Digidigi alikuwa na michembe tu, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikakauka kau, na karanga kidogo. Vyote vilienea kwenye vifuko vitatu vya shingoni. Akawaza, kisha akaenda kwa Nyati.

"Hodi, shemeji. Safari umejiandaaje?"

"Magunia mawili ya mihogo," Nyati akajibu, kifua mbele.

"Hongera. Ngoja nikamsalimie Kiboko."

Kiboko hakungoja hata salamu. "Nyati anabeba nini?"

"Magunia mawili. Nimeyaona kwa macho yangu."

Kiboko akaguna, mmff, akamwita mkewe. "Mama watoto, ongeza yawe matatu. Na mikungu ya ndizi."

Tapu tapu tapu, Digidigi akarudi kwa Nyati. "Nimepita kuaga tu, shemeji. Mwenzio ana matatu, na ndizi."

"Kiboko huyu huyu? Atanijua mimi ni nani."

Siku nzima Digidigi alikwenda na kurudi. Jioni Nyati alikuwa na magunia matano na sufuria ya harusi. Kiboko alikuwa na sita, na kinu juu yake.

"Kinu cha nini, baba?" mkewe akauliza.

"Cha kuonekana," Kiboko akasema.

Asubuhi uwanjani, Nyati aliviona vile vifuko akacheka mpaka akakohoa. "Mama Digidigi, hicho ni chakula au hirizi?"

"Ndicho tulichojaliwa, shemeji," akasema, akaona haya kweli, maana majirani wote walikuwa wanacheka.

Wakaondoka. Digidigi na wanawe walitia kipande mdomoni, wakakilowesha kwa mate, wakatafuna huku wanatembea. Hawakuwasha moto wala kuosha chombo. Nyuma yao mizigo ilikuwa inashuka, puu, inapandishwa, inashuka tena. Nyati na Kiboko waliona njia ya kuipunguza ni kuila. Basi wakapika, wakala, wakashiba mpaka wakashindwa kusimama, wakalala. Walipoamka mzigo bado upo.

Siku ya tatu alasiri, Digidigi akafika. Maji yalikuwa meupe. Akamtanguliza mtoto mdogo.

"Mama, naona uso wangu," mtoto akasema.

Digidigi akalia kwa furaha, bila kujificha.

Siku ya sita ndipo wakubwa walipotokea, wanachechemea, ndizi zimeoza mgongoni. Wakamkuta anakandika ukuta wa nyumba yake.

Nyati akamgeukia Kiboko. "Yote haya ni magunia yako matatu. Mimi nilikuwa na mawili yangu, nimetulia."

"Na mimi nilikuwa na moja, mpaka niliposikia mawili yako."

Kisha wote wawili wakamtazama Digidigi.

"Ulitudanganya," Kiboko akanguruma.

"Wapi, shemeji? Kila gunia nililotaja lilikuwepo. Au mlitaka nihesabu vibaya?"

Digidigi akakung'uta kifuko chake, akawapa kipande kimoja kimoja cha mchembe.

"Tafuneni taratibu. Kunywa mtakunywa, ila foleni inaanzia nyuma ya mwanangu."

Kiboko akasimama nyuma ya mtoto mdogo, kinu bado kichwani.

Basi wanangu, abebaye ili majirani wamwone, safari humshinda.