Siku Tuliyochoma Pamba ya Kula

"Kikiwaka kipulize, usikipunge." Ndivyo mama yenu alivyowaambia asubuhi mlipogombania chaja, Righa akatoka mbio kwenda kumshtakia shangazi, na Kalela naye akampigia simu mjomba. Mkatazamana kama mbuzi waliosikia redio. Nini kikiwaka? Kalela anasema ni jiko. Si jiko! Kaeni kitako, na atakayenikatiza atamenya hizi njegere peke yake. Methali hii msiitafute vitabuni. Ilizaliwa uani kwetu nilikolelewa, kinywani mwa mama yangu mzazi, siku niliyokuwa naposwa mimi Mkawasi, na asili yake ni hii.

Mwadime, huyo mnayemwita babu, wakati huo alikuwa kijana mwembamba, mpishi katika kambi moja ya watalii kule chini nyikani. Nilimpenda, sitawaficha. Nilimpenda hata ugali ulikuwa haunipiti kooni. Lakini kupenda kwa msichana kulikuwa hakutoshi. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na mwenye kauli juu yangu alikuwa kaka yake, Baba Mkubwa Mwashigadi. Mzee huyo alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Mchumba mmoja aliyekuja kabla ya Mwadime alifukuzwa kwa kosa la kupiga chafya wakati wa sala.

Katika ukoo wetu mchumba alikuwa haingii ndani kwa kutaka kwake. Alipokewa uani, moto ukawashwa, naye akachoma kitu kwa mkono wake mbele ya wazee. Wakila wakaridhika, mwenye mji husema, "Karibuni ndani," na maneno hayo yakishatoka, msichana ameposwa. Yasipotoka, wageni hupewa maji ya kunywa wakarudi walikotoka. Wenye uwezo walichoma mbuzi. Asiye na kitu alichoma ndizi, na hakuna aliyemcheka.

Tena mkwe alikuwa hasemi na mama mkwe. Hamtazami usoni, hamwiti, hampi kitu mkononi. Akiwa na neno, humpa mjomba wake, mjomba akampa mzee wa upande wa pili, na mzee ndiye amfikishie mama. Hata kama mama amekaa karibu na anasikia kila kitu, hukaa kimya mpaka neno limfikie kwa njia yake. Ndiyo heshima yenyewe.

Basi Mwadime akaja na mjomba wake, Mzee Mwakio, alasiri moja ya Julai, ukungu umeshuka na baridi inauma. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni nachungulia. Nikatafuta mbuzi kwa macho, sikumwona. Nikatafuta hata kuku. Mjomba Mwakio alikuwa amebeba boksi.

Likafunguliwa. Ndani mlikuwa na biskuti, chokoleti, na mfuko wa vitu vyeupe, laini, vya ukubwa wa kidole gumba. Ukikibonyeza kinanywea, ukikiachia kinafura tena. Wenyewe wana jina lao. Mimi nilikiita pamba ya kula, na mpaka leo sijapata jina zuri zaidi.

Baba Mkubwa akakishika kimoja, akakinusa. "Hii ni sabuni?"

"Ni peremende, Mzee," akasema Mwadime. "Watalii huichoma motoni, wakaibana kati ya biskuti mbili pamoja na chokoleti. Wanaipenda mpaka wanaimba."

"Watu wazima wanaimba kwa ajili ya peremende?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na mbuzi wao wanawafanyia nini?"

Sikusikia alivyojibiwa, nilikuwa nimejifunika uso kwa kanga. Nilijua nimekwisha. Nilipofunua jicho moja, Mwadime alikuwa amechuchumaa, anageuzageuza kijiti juu ya makaa, polepole, mpaka kile cheupe kikawa rangi ya maandazi. Akakibana kwa biskuti na chokoleti, akampa Baba Mkubwa kwa mikono miwili. Baba Mkubwa akauma. Kikavutika kutoka mdomoni hadi mkononi, chokoleti ikamshuka kidevuni. Alipomaliza alinyoosha mkono bila kumtazama mtu, akapewa cha pili. Jamani, moyo wangu ulirukaruka! Kilikuwa kimempata.

Mama naye akataka kuonja. Kwa kuwa Mwadime hakuruhusiwa kumpa kitu mkononi, Mama akachukua kijiti mwenyewe, akachomeka kimoja, akakitumbukiza katikati ya ndimi za moto kama anayechoma hindi. Papo hapo kikashika.

Mwadime akaona. Angepaza sauti tu, "Mama, puliza!" mambo yangeishia hapo. Lakini atasemaje na mama mkwe? Akamgeukia mjomba wake, macho yamemtoka pima.

"Mjomba, naomba umfikishie Mzee kwamba kile cha mama kinawaka."

Mzee Mwakio alikuwa mtu wa kutandika mkeka kwanza ndipo aseme. Akasafisha koo. "Mkwe wangu Mwashigadi, salamu tulishatoa, na kwa mapokezi tunashukuru. Pana neno dogo kutoka kwa kijana."

"Lilete," akasema Baba Mkubwa, mdomo umejaa.

"Kijana anaona kana kwamba upande wa kina mama kuna moto."

"Moto si tumeuwasha sisi wenyewe?"

"Si huo, mkwe. Kuna mwingine, mdogo wake."

Na Mama? Mama amekishika kijiti kinawaka kama kibatari, anasikia kila neno, anangoja neno limfikie! Hatimaye Baba Mkubwa akageuka, akaruka kitako.

"Shemeji! Unaungua!"

Sasa, wanawake wa rika la mama yangu walikua wakienda kuomba moto kwa jirani. Ulipewa kijinga cha moto, na njiani ulikuwa unakipunga huku na huku ili kisizimike. Mama aliposhtuka, mkono ukafanya kile ulichozoea. Akakipunga kijiti kwa nguvu zake zote. Kile kitu kikachomoka, kikaruka juu kikiwaka, kikatua kwenye kofia ya Baba Mkubwa. Ilikuwa kofia ya pama, aliyoivaa kanisani na kwenye mashauri tu. Kikanata pale juu, kikaendelea kuwaka.

"Kimeangukia wapi?" akauliza Baba Mkubwa, anatazama chini, anainua mguu mmoja mmoja.

Mwadime akaruka moto, akamshika mzee mabega, akampuliza kichwani. Pfuu! Pfuu! Kikazima. Kofia imebaki na tundu, na uji mweupe unamtiririka mzee kwenye paji la uso.

Ndipo vita vikaanza.

"Nimetemewa mate kichwani!" akanguruma Baba Mkubwa. "Uani kwangu!"

"Afadhali mate kuliko kuungua upara!" akajibu Mzee Mwakio, mkeka wake ameshausahau.

"Nani umemwita mwenye upara? Mnakuja kuposa na sabuni, mnawapa wenyeji vijiti wajipikie, halafu mnatukana? Bebeni boksi lenu!"

"Tunabeba! Na hizo biskuti mfukoni mwako, mkwe, zitoe!"

Weee! Majirani walishajaa uani, wengine wamekuja na watoto mgongoni. Kila mzee akiwageukia awe na mashahidi, na kila akisema, neno linaongezeka. Chafya ya yule mchumba ikatajwa. Ng'ombe fulani aliyekufa kabla sijazaliwa naye akatajwa. Mimi nikamwona Mwadime anaokota vijiti kimoja kimoja, kichwa chini, na nikalia. Nililia kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Nilikuwa namkosa mume kwa sababu ya kofia.

Mama akainuka. Katika baraza la posa mama hakuwa na zamu ya kusema, na wala hakusema. Alichukua pamba ya kula nyingine, akaichomeka, akaitumbukiza motoni mpaka ikawaka vizuri. Kisha akaja nayo, inawaka hivyo hivyo, akasimama katikati ya wale wazee wawili. Wote wakarudi nyuma. Baba Mkubwa akaishika kofia kwa mikono miwili.

"Shemeji, tafadhali," akasema.

"Nikipunge?" akauliza Mama.

"Usikipunge!" wakapiga kelele wote wawili kwa pamoja.

"Kwa nini?"

"Kitaruka kimwangukie mwingine!" akasema Mzee Mwakio.

"Basi nifanye nini?" Hapo Mama akawaacha wazee, akamtazama Mwadime usoni. "Nakuuliza wewe, mwanangu."

Majirani wakashika vinywa. Mama mkwe amesema na mkwe! Mwadime akatazama chini, jasho linamtoka na baridi yote ile. "Ki... kipulize, mama," akasema.

Mama akapuliza mara moja. Kikazima. Akamenya ganda lililoungua, na ndani kulikuwa kweupe, laini. Akakibana kwa biskuti na chokoleti, akampa Baba Mkubwa.

"Shemeji," akasema, "kilikuwa kitu kidogo hivi. Mimi nilikipunga, kikafika kichwani mwako. Nyie mmekipunga, kimefika kwa majirani, na kesho kitafika kwa mchungaji. Mtoto huyu peke yake ndiye aliyepuliza, na ndiye mnayemfukuza. Kikiwaka kipulize, usikipunge."

Baba Mkubwa akakitia kile kitu mdomoni, akatafuna. Tukangoja. Akatafuna. Mzee Mwakio alipoona kimya kimezidi, akadhani ndiyo jibu, akainama, akalibeba boksi, akamshika Mwadime mkono. Wakaanza kuondoka. Nikajishikiza kwenye mlango.

"Mmm!" akasema Baba Mkubwa. "Mmm! Mmm!" Meno yalikuwa yamenatana, maskini, anawaita kwa mikono huku ametoa macho. Mama akampa maji. Akameza, akavuta pumzi, akaivaa kofia yake vizuri pamoja na tundu lake.

"Mkwe, boksi hilo unalipeleka wapi?" akasema. "Karibuni ndani. Na boksi."

Ndivyo nilivyoposwa. Majirani waliokuja kutazama ugomvi wakabaki kupiga vigelegele, na maneno ya Mama wakaondoka nayo. Wakawa wanaambiana sokoni, kanisani, nyumba kwa nyumba, mpaka leo mama yenu anawaambia nyie kama aliyezaliwa nayo. Mimi na Mwadime tumekaa pamoja mpaka tumeota mvi, na hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kusikia tumekosana. Mnadhani hatujawahi kuwaka? Thubutu! Tumewaka, tena sana. Kikiwaka kipulize, usikipunge.