Mwalimu Aliyeketi Benchi la Wanafunzi Wake

Husimuliwa katika milima ya Umatengo, na wanaosimulia ni watu wasiopenda kutia chumvi, kwamba palikuwa na katekista mmoja katika Misioni ya Litendo, jina lake Ildefonsi Kumburu, mja mpole na mcha Mungu, aliyewaandaa watu wazima kwa ubatizo kwa muda wa miaka kumi na miwili.

Siku hizo, wapendwa, mtu mzima hakubatizwa kwa haraka. Alisoma dini kigangoni kwake miaka minne, medali ya wanafunzi wa dini ikiwa shingoni, na ilipofika Kwaresima ya mwisho alihamia misioni kabisa. Walikuja na mikeka yao, na unga, na maharage vikapuni, wakalala katika nyumba ndefu za nyasi, wanaume huku na wanawake kule. Asubuhi walipalilia kahawa ya misioni, kisha wakaketi mbele ya mwalimu kukariri. Wengi hawakujua a wala be, lakini katekisimu nzima waliimeza kwa masikio. Wazee walioiwahi Kwaresima ya namna ile husema mpaka leo kwamba hawajasikia tena sauti tamu kama ya watu hamsini wakijibu kwa pamoja, ukungu ukiwa haujaondoka bondeni.

Mwaka ambao kisa hiki kilitokea walikuwa hamsini na watatu, na mkubwa wao alikuwa Bibi Nambeta, mkunga, ajuza wa miaka sabini na ushei. Nusu ya watu wa bonde lile walipokewa duniani kwa mikono yake, na Mwalimu Ildefonsi mwenyewe alikuwa mmojawapo.

Katika juma la nne la Kwaresima Mwalimu alifundisha amri ya nane, usishuhudie uongo. Akawaambia wanafunzi wake, "Maji yataosha kila kitu, lakini msiende majini mkiwa mmeficha kitu mgongoni. Mwenye la kutengeneza na jirani yake, alitengeneze sasa."

Alasiri ya siku hiyo alikuwa akipasua kuni nyuma ya jiko la wanafunzi, mara akamwona Bibi Nambeta anakuja polepole. Bibi akaketi juu ya gogo.

"Mwalimu," akasema, "uongo nilionao unakuhusu wewe."

"Mimi, Bibi?"

"Wewe na marehemu mama yako, Walburga. Kabla yako alizaa mtoto mwingine wa kiume, akabatizwa Ildefonsi. Alifariki bado ananyonya, nikamzika mimi na mama yako. Wewe ulizaliwa wakati wa ile vita kuu, mapadre wamechukuliwa mateka, misioni imefungwa, ukarithishwa jina la kaka yako. Mapadre walipokuja na kubatiza watoto kwa makundi, wewe ulikuwa umelala na surua. Siku zikapita. Ulipofika umri wa shule, na shule ilipokea kwanza waliobatizwa, mama yako akachukua cheti cha ubatizo cha marehemu kaka yako. Padre wa wakati ule akauliza, je, mtoto huyu ndiye? Nikasema, ndiye. Mwanangu, wewe hujabatizwa."

Shoka lilibaki mkononi mwa Mwalimu. Akauliza, "Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Mama yako aliniapisha. Naye kila mwaka alinisihi nijiunge na dini, nami kila mwaka nilikataa. Ningeingiaje nyumba niliyoidanganya mlangoni? Sasa nimezeeka. Nataka kuingia."

Mwalimu alikwenda ofisini, akafungua kitabu cha ubatizo cha zamani. Jina lilikuwapo, Ildefonsi mwana wa Walburga, na mwaka ulioandikwa ulitangulia vita. Naye tangu utotoni aliambiwa kwamba alizaliwa baada ya baba yake kuchukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi. Alikuwa ameuona ukurasa ule mara nyingi, akadhani mwandishi alikosea.

Wapendwa, mtihani wa muumini hauji siku zote kwa upanga. Mwalimu alifikiri juu ya Komunyo alizopokea, na juu ya mke wake Skolastika aliyefunga naye ndoa kanisani miaka kumi na mitano iliyopita, na juu ya mamia ya watu aliowafikisha kisimani ambako yeye hakuwahi kufika. Aliona haya ikimpanda kama homa. Kesho yake akamwita Bibi Nambeta kando.

"Bibi, mama yangu amelala. Tumwache alale. Jambo hili lisitoke tena kinywani mwako."

Bibi akamtazama. "Wewe ndiwe mwalimu wangu," akasema. "Ukisema ninyamaze, nitanyamaza."

Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi ndiyo ilikuwa siku ya kuhojiwa. Padre Wunibaldi, mkuu wa misioni, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliketi barazani, na Mwalimu akasimama kando yake kumtolea ushuhuda kila mmoja. Bibi Nambeta alijibu maswali yote bila kukosa hata neno. Ndipo Padre akauliza kama alivyowauliza wote, "Kuna jambo lolote linalokuzuia?"

"Lipo, Baba."

"Liseme."

"Si langu peke yangu. Nimekatazwa kulisema."

Padre alisubiri. Bibi hakumtazama Mwalimu. Mwishowe Padre akasema kwa huzuni, "Basi, Bibi, itakubidi usubiri mpaka mwaka kesho."

"Nimesikia, Baba," akajibu. Akaenda nyumbani mwa wanawake, akakunja mkeka wake, akajitwika kikapu, akaanza kushuka njia ya bondeni. Hapakuwa na manung'uniko wala machozi. Alikwenda kwa hatua ndogo, akipumzika kila mteremko, na kila mtu pale barazani alijua kwamba mwaka kesho kwa mzee kama yule ni majaliwa ya Mungu tu.

Mwalimu alimtazama mpaka akafika kwenye migomba. Hapo akapiga magoti mbele ya Padre, wanafunzi wote wakiona.

"Baba, aliyemkataza ni mimi. Yule bibi ni mkweli kuliko mwalimu wake." Akaeleza yote, tangu cheti mpaka surua, hakujisitiri hata kidogo.

Padre Wunibaldi akamwinua kwa mkono, akamwambia, "Kwanza kimbia ukamrudishe. Nyayo zako ni changa kuliko zangu." Mwalimu akakimbia. Alipomfikia alimpokea kikapu, akakibeba mwenyewe kichwani kupanda mlima, jambo ambalo wanaume wa enzi zile hawakulifanya mbele za watu.

Padre hakumwondoa katika kazi. Alimwambia, "Utaendelea kufundisha, lakini ukimaliza kufundisha utaketi benchi lao. Komunyo utangoja pamoja nao." Kuna waliocheka sokoni. Kuna waliouliza kama ubatizo wa wanafunzi wake nao ulikuwa bure, mpaka Padre akafafanua Jumapili kwamba neema ni ya Mungu, si ya mwalimu. Skolastika, mkewe, alipopewa habari aliendelea kuchambua mboga, kisha akasema, "Kwa hiyo utanioa tena. Safari hii watoto wetu wanne watakula pilau ya harusi." Na ndivyo ilivyokuwa baada ya Pasaka.

Wakati ule ibada ya Jumamosi Kuu ilifanyika asubuhi. Wanafunzi wa ubatizo walipanga safu mlangoni pa kanisa, wa mwisho wakiwa Bibi Nambeta na Mwalimu. Msimamizi wa Mwalimu alikuwa Fidelisi, mfua vyuma, ambaye Mwalimu mwenyewe alimfundisha miaka minane nyuma. Padre alimwuliza kila mmoja, "Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?" Bibi alijibu kwa sauti kavu, iliyo wazi. Ilipofika zamu ya Mwalimu, yeye aliyewafundisha mamia jibu lile, alikwama. Alifungua kinywa, neno halikutoka. Padre akarudia swali. Bado.

Ndipo Bibi Nambeta akageuka, akamshika mkono kama ashikavyo mzazi, akamnong'oneza, "Sema imani, mwanangu."

"Imani," akasema Mwalimu, na wote waliokuwapo mlangoni, wazee kwa vijana, wakaitikia pamoja naye bila kuagizwa na mtu.

Bibi Nambeta aliishi miezi mitano tu baada ya hapo, na aliyemsomea sala za mwisho alikuwa yeye Mwalimu.

Nyumba zile za nyasi hazipo tena, na siku hizi mtu huandaliwa kwa miezi michache, daftari mkononi, kisha anarudi kazini. Hatulaumu, Mungu ana njia nyingi. Ila sisi tunaofundisha wengine tujihoji pia. Anayeonyesha watu mlango si aibu kwake akigundua kwamba yungali nje. Aibu ni kuona haya kubisha hodi.