Pimbi na Nyapara Aliyepumzisha Wazee

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kisima!
Kichimbwe!
Na mchimbaji je?
Anatetemeka!

Basi alikuwako Pimbi. Nasema pimbi, mkaaji wa majabali asiye na mkia, wala si panya buku, msiwachanganye. Mwaka wa ukame alikuwa akichimba kisima cha wanyama, na nyapara wa kazi hiyo alikuwa Chui.

Chui alikuwa na neno moja: "Mzee hafai kazini. Mzee apumzike."

Kakakuona alipoanza kukohoa, akaitwa nyuma ya jabali. "Njoo, babu, upumzike." Asubuhi yake yakaonekana magamba. Nungunungu alipoanza kuchechemea, akaitwa nyuma ya jabali. "Njoo, bibi, upumzike." Asubuhi yake ikaonekana miiba. Hakuna aliyeuliza.

Naye Pimbi kidevu chake kilikuwa cheupe pe. Kila alfajiri alijipaka masizi ya chungu, kisha akashuka kisimani kwa kamba. Jembe, ku! ku! ku! Moyo, ti! ti! ti!

"Nyie watoto wavivu!" Chui alinguruma huko juu. "Na humo chini, kuna mzee?"

"Hakuna, bwana!"

Siku moja jembe likapasua mwamba. Maji yakaruka, fyaa! yakamlowesha uso. Pimbi akapanda mbio kutoa habari njema, masizi yakimchuruzika shingoni.

Chui akamkodolea macho. Akalamba midomo.

"Kumbe babu! Ulinificha mvi. Njoo upumzike."

Digidigi na Ngiri, washika kamba, wakatazama chini.

"Nakuja, bwana," akasema Pimbi. "Ila desturi ya kisima unaijua. Maji ya kwanza ni ya aliye mzee kuliko wote, tena huyanywa huko huko chini, peke yake. Sijaonja hata tone. Nishusheni ninywe, kisha nije."

Chui alikuwa hajanywa tangu juzi.

"Wewe, mzee? Katoto kadogo! Mzee kuliko wote ni mimi!"

"Wewe, bwana?"

"Mimi! Hata babu yako nilimwona akinyonya! Nishusheni!"

Wakamshusha. Kwi, kwi, kwi. Huko chini maji yalikuwa yakipanda. Pimbi akachungulia, meno yakimgongana.

"Bwana Chui, wewe ni mzee kweli?"

"Mzee kuliko wote!"

"Basi pumzika."

Digidigi na Ngiri wakaachia kamba. Chubwi!

Kisima hicho wakakifukia, wakachimba kingine, na mshika jembe akawa Pimbi yule yule, kidevu cheupe. Lakini hata leo, ukimwambia kwa upole, "Babu, pumzika kidogo," moyo wake hufanya ti! ti! ti!

Funzo la ngano hii: mzee hafai kazini. Chui mwenyewe alisema, na tangu alipopumzishwa hajarudi kubisha.

Ngano yangu imefika ukingoni. Mwenye kiu anywe, mwenye mvi ajipake masizi.