Majani Yaliyoota Pichani

Wapendwa, nipeni masikio yenu dakika chache. Kisa hiki nilikitunga jana nikiwa mezani kwangu, na nilipofika mwisho wake chai ilikuwa imepoa sijainywa, kwa jinsi nilivyoshikwa na hofu ya Mungu.

Alikuwepo mama mmoja fundi wa albamu. Si zile za kubandika kwa gundi, hapana, hizi za kwenye kompyuta. Unampelekea picha zako za harusi au za kipaimara, anazipanga, anazipamba, mwisho zinachapwa kitabu kizuri cha kuweka sebuleni. Na alikuwa na ujuzi mmoja wenyewe wanauita maski. Maski ni kifuniko kinachowekwa juu ya picha. Penye weusi, picha inajificha. Penye weupe, inaonekana. Yeye vifuniko vyake alivitengeneza kwa mkono: anachuma majani, anayapaka wino mweusi, anayagandamiza kwenye karatasi nyeupe, halafu anaipiga picha ile karatasi na kuiingiza kwenye kompyuta. Akikiweka kifuniko hicho juu ya picha yako, kila palipo na jani jeusi picha inazama, na rangi ya kijani ya ukurasa inachungulia kwa umbo la jani.

Siku moja akaja kwake dada mmoja. Mama yake anatimiza miaka themanini, kuna ibada ya shukrani, anataka albamu. Akampa picha ya zamani ya familia mbele ya nyumba yao: baba, mama, yeye mwenyewe na kaka yake. Ndiyo picha pekee waliyowahi kupiga wote wanne.

"Huyu kaka mfute," akasema.

"Nimfute? Mbona mmependeza hivi, mdogo wangu?"

"Hakuja kumzika baba. Tulimpigia simu siku tatu, dada. Tukamngoja jeneza likiwa pale uani, hakuja. Mtu ambaye hakutia hata konzi moja ya udongo kwenye kaburi la baba yake, atakaaje kwenye picha ya mama yangu?"

Ninyi mnaojua misiba yetu mnaelewa. Hilo si jambo la kumalizwa kwa kikombe cha chai. Fundi naye hakubishana. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mkono wake uko begani kwako. Na huo pia?"

"Na huo pia. Uondoe wote."

Basi fundi akachuma majani, akapaka wino, akafanya kazi yake. Pale aliposimama kaka pakawa na kichaka cha kijani, kizuri mno, ungeapa kimepandwa na mwenye nyumba. Dada akafurahi. Ile nakala aliyomtumia fundi akaifuta kwenye simu yake, na ile ya karatasi akaitia kwenye jiko la mkaa akaitazama ikijikunja. Ndugu zangu, kuna mtu humu ndani ambaye hajawahi kuwasha jiko la namna hiyo?

Siku ya shukrani ikafika. Watu wamevaa sare, wameimba, wamekula. Mama akapewa albamu yake, akawa anafunua ukurasa baada ya ukurasa anacheka. Akafika kwenye ile picha. Akapitisha kidole juu ya majani polepole, kama mtu anayetafuta tundu kwenye nguo.

"Mwanangu," akasema, "hapa mbele ya nyumba hapakuwa na majani. Yameota lini?"

Mama akaifunga albamu, akaiweka magotini, hakuifungua tena. Wiki nzima ikakaa juu ya kabati, na yule mama akawa haongei ila kuitikia salamu.

Dada akarudi kwa fundi, macho yamevimba.

"Dada, nisaidie. Kwenye simu nimeifuta. Ya karatasi nimeichoma. Hakuna nyingine dunia nzima. Mama anamtaka mwanawe, na mimi nimemtia jikoni."

Fundi akamtazama kwa huruma. "Uliniambia nifute," akasema. "Mimi sikufuta. Nilifunika."

Akafungua kompyuta, akashika brashi nyeupe, akapitisha juu ya jani la kwanza chini kabisa. Kikatokea kiatu. Jani la pili, goti la suruali iliyopigwa pasi. Waliokuwa wanasubiri picha zao za pasipoti wakainuka kwenye benchi, wakaja kusimama nyuma yake, hakuna aliyekohoa. Jani baada ya jani. Shati. Shingo. Kisha uso, wapendwa, uso mzima, unacheka kama ulivyokuwa ukicheka siku zote nyuma ya yale majani, haukupungukiwa unywele mmoja! Fundi mwenyewe, aliyeifanya kazi hiyo miaka na miaka, alisisimka mwili.

Likabaki jani moja, lile la begani kwa dada. Fundi akapitisha brashi, mkono ukatokea, na dada akaona kitu ambacho hakuwahi kukitazama vizuri tangu picha ipigwe. Vile vidole havikuwekwa pale kwa madaha. Vilikuwa vimekaza, na gauni lake limekunjamana chini yake. Ndipo akakumbuka. Siku ile alikuwa ametoka kuugua homa ya matumbo, miguu haimbebi. Kaka yake alimwinua mkekani akamwambia, "Niegemee mimi, wakishapiga utakaa."

Kwenye albamu ya mama yake alikuwa amesimama bila wa kumshika, kanyooka, kapendeza.

"Kumbe sikusimama mwenyewe," akasema, na akalia mbele za watu wote.

Sasa msiniulize kama kaka alikosa. Alikosa, na kaburi la baba yake linamjua. Mimi nawauliza ninyi. Ni mara ngapi sisi tumepiga magoti tukasema, Bwana, mfute fulani, asionekane tena mbele yangu? Bwana akanyamaza, nasi tukadhani ametutii! Mungu wetu hafuti watu, wapendwa. Na kama hafuti, basi na wewe uliyekaa hapo nyuma, ambaye kwenu hawalitaji hata jina lako, ujue uso wako uko salama kwake, mzima, nyuma ya majani waliyokuwekea.

Lakini ipo siku atashika brashi yake. Tutasimama kimya kama wale wa kwenye benchi, na tutaonyeshwa mikono yote iliyotushikilia siku tulizodhani tumesimama wenyewe, na mmojawapo utakuwa wa yule tuliyeomba aondolewe.

Kila mmoja aweke mkono begani kwake. Wekeni, msione aibu, hata wazee wa kanisa. Nani alikushika hapo? Umeshamkumbuka. Basi ukitoka mlangoni, kabla hujafika nyumbani, mpigie simu.