Pazia la Mwalimu Tusekile

Hii nimetumiwa na shangazi yangu. Kwa kawaida hunitumia dawa za kitunguu saumu na picha za maua zilizoandikwa "asubuhi njema", nami hufuta bila kufungua. Hii niliifungua kwa bahati mbaya. Nikaisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sasa naituma kwako, na tafadhali isome mpaka chini, hata kama wewe si mtu wa kusoma mambo marefu.

Katika mji wa Tukuyu, ambako mvua hunyesha hata pale isipohitajika, aliishi mwalimu mstaafu aitwaye Tusekile. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake, na nusu nyingine ilimkwepa. Mumewe alishafariki, watoto wamesambaa, naye alikuwa akikaa peke yake katika nyumba ya matofali iliyotazama barabara.

Mwaka jana alipata kiharusi chepesi. Mungu alimsaidia, akasimama tena, akaongea tena, ila mkono wa kulia haukurudi sawasawa. Kikombe aliweza kukishika. Mapazia mazito ya sebuleni, yale ya kuvuta kwa kamba, yalimshinda. Asubuhi moja aliyavuta kwa hasira, bomba la pazia likamwangukia begani.

Binti yake mkubwa, Bupe, anafanya kazi Dar es Salaam. Aliposikia habari ya bomba alikata tiketi ya basi, akafika na uamuzi wake tayari.

"Mama, funga mizigo, tunaondoka wote. Nyumba hii imekushinda."

"Nyumba haijanishinda. Pazia ndilo limenishinda."

"Ni yaleyale, mama."

"Si yaleyale. Huko Dar mchana kutwa nitaongea na nani? Na feni?"

Walibishana siku mbili. Mwishowe wakapatana: Bupe ataitengeneza nyumba ili mama aimudu kwa mkono mmoja. Likitokea jambo jingine, Mwalimu atahamia Dar bila kunung'unika. Mwalimu alikubali, lakini aliogopa sana. Katika nyumba ile alizaa watoto wanne na kumuuguza mume, na hakutaka kuiacha akiwa bado anaweza kuchemsha chai yake mwenyewe.

Basi Bupe akamwita fundi wa mapazia ya umeme kutoka Mbeya mjini. Fundi huyo anaitwa Gwakisa, mtu wa makamo, mwenye sanduku kubwa la sampuli na maneno machache. Aliamkia, akakaribishwa chai, akavipanga vitambaa mezani.

Akaeleza bila mbwembwe. Kitambaa chepesi hupitisha mwanga mzuri mchana, lakini usiku ukiwasha taa, mpita njia anakuona unavyokula. Kizito huficha, lakini huleta giza. Mota ya kuchomeka ukutani haina usumbufu, ila umeme ukikatika, pazia linabaki palepale lilipo. Mota ya betri haijali umeme, ila lazima mtu akumbuke kuichaji. Kisha kuna pazia la kufungua kwa rimoti, na kuna la kutegwa saa, likajifungua lenyewe.

Gwakisa akamgeukia Mwalimu. "Mama, asubuhi hupenda kufungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu," akajibu Bupe.

"Na rangi, mama, unapenda ipi?"

"Hii ya kijivu," akajibu Bupe. "Haionyeshi vumbi."

Fundi akaiweka kando sampuli ya kijivu. Akauliza tena, macho yake bado kwa Mwalimu. "Kuna mtu wa nje aliyezoea kulitazama dirisha hili?"

Mwalimu akachangamka. "Yupo Mama Tumpe, yule wa pale ng'ambo, kila siku mimi na yeye..."

"Mama, wewe pumzika," Bupe akasema kwa upole kabisa, akimpapasa mgongo. "Fundi, weka la kujifungua lenyewe. Sitaki mama abonyeze chochote. La kuchomeka ukutani, mambo ya kuchaji yatamsumbua. Na uliunganishe na simu yangu."

Hapa nataka nimtetee Bupe kidogo, maana najua mmeshaanza kumnunia. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na mapenzi mengi na siku chache za likizo. Wengi wetu tungefanya hivyohivyo, mimi wa kwanza.

Mwalimu akanywa chai yake. Kwa mtu aliyewanyamazisha watoto wa watu miaka thelathini na minne, kunyamazishwa na mwanawe kulimuuma. Lakini makubaliano yalikuwa makubaliano.

Sasa niwaambie alichotaka kusema.

Mama Tumpe ni jirani anayeuza chai na vitumbua upande wa pili wa barabara. Kwa miaka minane, kila asubuhi, Mwalimu alifungua pazia, akasimama dirishani, akainua mkono. Mama Tumpe naye akainua upawa wake. Basi. Hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo, wala hakuna aliyelianzisha rasmi. Siku ya kiharusi pazia lilichelewa, Mama Tumpe akaacha vitumbua vikiungua kwenye mafuta, akavuka barabara, akamkuta Mwalimu sakafuni. Bupe aliambiwa kwamba majirani walimwahi mama. Hakuuliza walijuaje.

Pazia jipya likawekwa, la kujikunja kwenda juu. Kila siku saa kumi na mbili na nusu kamili lilipanda lenyewe, taratibu, kwa mlio mwembamba. Siku za kwanza Mwalimu alijikokota hadi dirishani ili aliwahi. Baadaye baridi ikamshinda, naye akaona hakuna haja ya kusimama mbele ya kitu ambacho hakikumngoja. Akawa anabaki jikoni. Mama Tumpe aliangalia dirisha wazi lisilo na mtu, akainua upawa, akaushusha, akaendelea kukoroga. Moyoni alihisi kama amekosewa, ila hakujua amlaumu nani.

Huko Dar, Bupe aliwaonyesha wenzake kazini. "Mnaona? Pazia la mama Tukuyu limefunguka sasa hivi." Wenzake wakasema huyo ndiye mtoto.

Wiki ya tano, siku ya Alhamisi, Mwalimu aliteleza jikoni alfajiri, sufuria ya maji mkononi. Aliangukia nyonga. Simu ilikuwa chumbani. Alijaribu kujivuta, maumivu yakamzuia. Aliita, lakini mvua ilikuwa ikilipiga bati kwa kishindo na sauti yake haikufika hata sebuleni.

Akajipa moyo. "Tulia, Tusekile. Pazia halitafunguka. Mama Tumpe ataona, atakuja."

Alikuwa amesahau, kama mtu anavyosahau akiwa na maumivu. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu akausikia ule mlio mwembamba sebuleni. Pazia lilikuwa linapanda. Linamwambia Mama Tumpe, na mtaa mzima, na Bupe kule Dar, kwamba Mwalimu ameamka salama.

Hapo ndipo Mwalimu alipolia.

Kisha mlio ukakatika. Pazia lilikuwa limefika katikati ya dirisha, na umeme ukazimika mtaa mzima, kama unavyozimika mara nyingi mvua ikizidi. Kule Dar, Bupe aliona simu yake inaandika kwamba pazia halipatikani. Akasonya, akaulaani umeme wa Tukuyu, akaingia kuoga.

Lakini ng'ambo ya barabara Mama Tumpe alicheka mpaka akashika kiuno. Wiki tano alikuwa na kinyongo na lile pazia. "Kumbe nalo linachoka!" akawaambia wateja wake. Akafunika chai, akachukua mwavuli, akavuka barabara kwa furaha zote kwenda kumtania Mwalimu.

"Hodi! Mwalimu! Pazia lako la kizungu limegoma kazi!"

Kimya.

"Hodi, Mwalimu! Njoo ulichape, uliwachapa wengi wewe!"

Kimya bado. Kicheko kikamwisha. Mwalimu Tusekile hakuwahi kuacha hodi bila kuijibu, hata siku alizonuna. Mama Tumpe akaweka sikio mlangoni, akasikia kitu kikigonga kwa ndani, chuma juu ya saruji, pole pole. Mwalimu alikuwa akigonga sakafu kwa mfuniko wa sufuria.

Mama Tumpe alipiga yowe. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akinywa chai kibandani akaja mbio, akavunja komeo la mlango wa nyuma. Wakambeba Mwalimu hadi hospitali amefunikwa kanga tatu za Mama Tumpe. Daktari alisema nyonga ina ufa mdogo, itapona. Akasema pia kwamba kama angelala kwenye saruji ile yenye maji mpaka mchana, baridi ingemmaliza.

Bupe alifika kesho yake, macho yamevimba. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Pazia lile nitaling'oa kwa mikono yangu. Na ukitoka hapa tunakwenda wote Dar, kama tulivyokubaliana."

Mama Tumpe alikuwa ameketi upande wa pili na chupa ya uji. "Mwanangu Bupe," akasema, "unadhani siku ile ya kiharusi tulijuaje?"

Akamweleza. Miaka minane, mkono na upawa. Bupe alisikiliza bila kukatiza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kuinama.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilianza kukuambia. Ukaniambia nipumzike."

Bupe akalia kwa sauti, na hakuona haya. Mwalimu alimwacha alie kidogo, halafu akampangusa kwa ule mkono dhaifu.

"Sasa nisikilize. Nani kakuambia ling'olewe? Mimi nalipenda pazia lile."

Wote wawili wakamtazama.

"Ndiyo, nalipenda. Ni jepesi, na mkono wangu hauwezi tena yale mengine. Mota naitaka. Nisichokitaka ni kufunguliwa. Nataka nifungue mwenyewe, nyumbani kwangu."

Bupe akayafuta makubaliano ya Dar, na Mwalimu alipotoka hospitali Gwakisa akaitwa tena. Safari hii alikaa na Mwalimu peke yake mezani, na Bupe alikaa kwenye kochi akiwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Mwalimu alikagua sampuli kwa saa nzima, kama anasahihisha mitihani. Akachagua kitambaa cha njano ya ndizi mbivu, ambacho Bupe alikiona kibaya kupita vyote, wala hakusema. Akachagua mota ya betri, umeme usipate nafasi ya kuingilia. Akachagua rimoti yenye vitufe vikubwa, ya kuvaa shingoni. Ule mtego wa saa akaamuru uondolewe.

"Na simu yangu uitoe kabisa," Bupe akasema. "Sistahili."

Gwakisa akatikisa kichwa. "Hatuitoi, dada. Tunaigeuza. Haitaweza tena kulifungua wala kulifunga. Itakupa taarifa tu, mama akishabonyeza."

Basi ndivyo ilivyo mpaka leo. Mwalimu yuko nyumbani kwake, anatembea kwa mkongojo. Akiamka anabonyeza kitufe, pazia la njano linapanda, anasimama, anainua mkono. Ng'ambo upawa unapanda. Na huko Dar, Bupe akiwa kwenye foleni ya magari au jikoni kwake, simu inalia mara moja. Anaweka mkono kifuani, anasema, "Ameamka." Kisha anampigia, kila siku, hata kama ni dakika mbili.

Jumamosi moja Mwalimu aliamua kujilalia. Ilipofika saa moja na robo mlango ukagongwa kwa nguvu. Nje alisimama Mama Tumpe na upawa wake, yule dereva wa bodaboda, na wateja wawili wenye vitumbua mkononi, huku simu ya chumbani ikilia mfululizo. Mwalimu alifungua mlango amejifunga kanga, nywele zimesimama, amekasirika kwelikweli.

"Enyi watu! Mtu hawezi hata kulala?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Alipoipokea simu, Bupe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Mwalimu akamgombeza naye pia. Lakini alipowapa mgongo kwenda kuwasha jiko, awachemshie wote chai, alikuwa anatabasamu. Tangu afiwe na mume wake, hakuwahi kujisikia mtu anayengojwa namna ile.

Ukimaliza kusoma, usinijibu mimi. Mpigie yule uliyemnunulia kitu bila kumuuliza, umuulize leo.

Funzo: Unapomsaidia umpendaye, mwondolee uzito wa kazi, usimwondolee kazi yenyewe, na kabla hujamchagulia lililo bora, mwache kwanza amalize kusema.